MLIMANI MOTOKARI INAKOSA HEWA, HAIKOSI ESANSI



Katika mkutano wa mwisho wa walimu na kamati ya wazazi yalitolewa mashauri mawili juu ya Land Rover ya shule. Shauri la kwanza: iuzwe, na pesa yake inunue pikipiki mbili. Shauri la pili: ibaki, lakini inunuliwe karburateri kubwa ya Toyota ili ipate nguvu ya kupanda milima. Sisi wa kundi la mekanika hatukuitwa katika mkutano ule, na hilo si kosa, maana wanafunzi hawaitwi. Lakini tuko na neno, na tunaomba lisikiwe mbele pesa ya wazazi haijatoka. Mashauri yote mawili yalizaliwa na usiku mmoja, ule wa mwenzetu aliyekuwa mgonjwa. Na kosa la usiku ule halikuwa la motokari. Lilikuwa letu.

Ninyi wa bweni mnakumbuka. Ilikuwa saa saba ya usiku. Msichana mmoja wa bweni alikuwa na homa kali, hakuweza hata kukaa. Papa Shofere aliamshwa, akavuta starteri, akawasha. Injini ikakohoa mara tatu, ikazama. Akawasha tena mpaka batri ikachoka. Vijana tukasukuma, ikawaka, ikatoa moshi mweusi kama wa tanuru ya matofali, ikafika chini ya kilima na kufa pale pale. Tukamlaza mwenzetu juu ya kitanda, tukambeba kwa mabega mpaka hospitali, karibu saa nzima. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini njiani kila mtu alikuwa anaitukana motokari, na sisi watu wa mekanika tulinyamaza. Tulijua kitu ambacho wengine hawakukijua.

Juma moja mbele, Papa Shofere alikuja katika garaji yetu. Alisema motokari inachoka sana mlimani Kabasha, wakati inapotoka Beni kurudi Butembo. Sisi hatukuuliza swali hata moja. Tulifungua karburateri, tukatoa jikleri kubwa iliyoandikwa 125, tukaitoboa kwa kekee ndogo ili esansi ipite kwa wingi. Tulisema: injini imechoka, tuiongezee chakula. Tena hatukuandika popote, wala hatukumwambia mwalimu. Kwa hiyo ule usiku hakuna mtu aliyeweza kujua ugonjwa umetoka wapi. Kama wahenga walivyosema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tueleze kwa nini lile wazo letu lilikuwa baya, maana tunaona watu wengi wa Butembo na Beni wanafikiri vile vile, mafundi pamoja na wamotari.

Karburateri, ambayo ndugu zetu ng'ambo ya Kasindi wanaiita kabureta, si pampu. Haisukumi esansi. Ndani yake iko na koo jembamba. Injini inavuta hewa, hewa inapita katika lile koo, na kwa sababu njia ni nyembamba inakimbia. Hewa inayokimbia inapungukiwa na mgandamizo, na ule upungufu unavuta esansi kutoka katika kisima kidogo kilicho ubavuni, kupitia tundu la jikleri. Jambo hili lilielezwa na Mwitalia Giovanni Battista Venturi katika mwaka 1797, karibu miaka mia moja mbele ya motokari ya kwanza. Alikuwa anachunguza maji katika mabomba. Ndiyo maana mpaka leo lile koo linaitwa venturi.

Injini ya esansi inataka hewa na esansi kwa kipimo: kilo 1 ya esansi kwa karibu kilo 14.7 za hewa. Wakati inapovuta mzigo inataka esansi zaidi kidogo, lakini kidogo tu. Ikizidi, haiungui yote. Inatoka kwa moshi mweusi, inalowesha buji, inaosha oili katika silinda.

Basi, tuangalie mahali tunapokaa. Butembo iko karibu mita 1,750 juu ya bahari. Beni iko chini, mita 1,000 na zaidi kidogo. Hewa ya juu ni nyepesi. Katika Butembo litre moja ya hewa iko na uzito wa karibu asilimia 84 tu ya litre ile ile kule Mombasa kando ya bahari. Injini haijui habari hiyo. Inavuta litre zile zile, lakini ndani yake hewa imepungua. Je, esansi inapungua pia? Ndiyo, lakini haipungui kwa kadiri ileile. Kwa hesabu ya darasa la fizika, karburateri iliyopangwa kwa ajili ya bahari, ikiletwa Butembo bila kuguswa, inatoa esansi ya kuzidi kwa asilimia 9 hivi.

Mmeona? Motokari inachoka mlimani kwa sababu inakosa hewa, haikosi esansi. Kwa kila mita 100 unazopanda, injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu yake. Hapa kwetu ni asilimia 16 ao 17. Hakuna karburateri ya kuirudisha, hata ungeinunua kwa bei ya ng'ombe. Na sisi, pahali pa kupunguza esansi, tuliiongeza.

Tuliiongeza kiasi gani? Namba ya jikleri ni mia za milimita: 125 maana yake tundu la milimita 1.25. Kekee yetu ilikuwa ya milimita 1.40. Mtu atasema, ni tofauti ya unywele. Lakini esansi inapita katika eneo la tundu, haipiti katika kipenyo. Chukua 1.40 mara 1.40, ugawanye kwa 1.25 mara 1.25. Utapata 1.25. Ule unywele uliongeza robo nzima ya esansi! Profesa wetu wa hesabu aliuliza mara nyingi kama tunajua faida ya eneo la duara. Sasa tunajua.

Tena kulikuwa na jambo la tatu. Baada ya ule usiku tulifungua chujio ya hewa ya Land Rover, ile yenye oili chini. Oili ilikuwa imegeuka udongo. Vumbi yote ya Maboya na Kabasha ilikuwa mle ndani. Chujio ikizibwa, hewa inapungua tena. Kumbe ndilo lilikuwa lalamiko la kwanza la Papa Shofere! Alikuja kutuambia kwamba mgonjwa hapati pumzi, na sisi tukamnywesha uji kwa nguvu. Halafu usiku, katika baridi, akavuta starteri, na kazi ya starteri ni kufunga hewa ili esansi izidi. Kilima, chujio, jikleri iliyotobolewa na starteri, yote manne yalivuta upande mmoja. Ingewakaje?

Tulimwambia mwalimu wa mekanika ukweli wote siku ya pili. Alituadhibu, na ilistahili. Kisha akakaa pamoja nasi siku mbili za jumamosi. Tulipata jikleri ya 125 isiyoguswa katika karburateri mbovu iliyokuwa imetupwa ndani ya kopo. Tukaosha chujio, tukaweka oili mpya, tukasafisha buji. Motokari ikarudia ilivyokuwa. Haikugeuka kuwa ndege. Mlimani Kabasha bado inapanda polepole, lakini inapanda, na moshi mweusi umeisha.

Baada ya hayo tutoe maoni yetu juu ya yale mashauri mawili.

Kwanza, karburateri kubwa. Tunasema hapana. Injini yetu ni ya sentimita kyubu 2,286. Kila mizunguko miwili inajaza silinda zote mara moja. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni mijazo 1,500, ndiyo kusema litre 3,429 za hewa kama silinda zingejaa kabisa, lakini hazijai. Haiwezi kumeza zaidi, hata ukiiwekea koo la tembo. Koo likiwa pana mno, hewa inapita polepole, mvuto unapungua, na esansi inaanguka matone matone pahali pa kuwa ukungu. Chini, kwa mizunguko midogo, pale tunapohitaji nguvu ya kuondoka katika matope, ndipo itakapokufa. Karburateri ya Toyota Land Cruiser ilitengenezwa kwa injini ya silinda 6 na litre 4 hivi. Viatu vya baba havimfanyi mtoto akimbie.

Kama siku moja karburateri yetu ya Zenith itachoka kabisa, kuna njia mbili zinazofaa. Kununua Zenith ya namna ileile, 36 IV, ao kuweka Weber 34 ICH, ambayo wenye Land Rover wengi wameiweka katika injini kama yetu. Weber ni nyepesi kupanga, inakula esansi kidogo, ila nguvu ya juu inapungua kidogo. Kwa shule inayohesabu kila litre, si vibaya. Lakini wanaonunua Kampala waangalie sana: kuna nyingi za kuigiza, jina limeandikwa vizuri na tundu za jikleri si za kipimo. Na mbele ya kununua, tujaribu kuponya ile tuliyo nayo. Ugonjwa unaojulikana wa Zenith hii ni kifuniko kupindika, kwa sababu mafundi wanakaza visi kwa hasira. Hewa inaingia pasipotakiwa, na ukikanyaga gesi injini inasita. Dawa yake ni karatasi ya msasa juu ya kioo kilichonyooka, kusugua uso polepole mpaka ulale sawa, na kubadilisha pete ndogo ya mpira iliyo ndani. Ni bei ya daftari mbili tatu.

Pili, kuuza na kununua pikipiki. Hatudharau pikipiki, zinalisha watu wengi katika mji huu. Lakini mgonjwa asiyeweza kukaa tutamfunga juu ya pikipiki kwa kamba? Na magunia ya maharagi ya bweni? Tena pikipiki nyingi za wamotari ziko na karburateri, na hewa ya Butembo ni ileile. Tukiwa hatujui kazi, tutaziua mbili pahali pa kuua moja.

Wengine watasema: karburateri ni kitu cha babu zetu, motokari mpya zinatumia enjeksio na kompyuta inapima hewa yenyewe. Ni kweli. Tangu miaka ya 1990 motokari mpya za esansi za Ulaya hazina karburateri tena. Lakini shule haina pesa ya motokari mpya, na ile kompyuta ikiharibika katikati ya Butembo na Beni hatutaitengeneza kwa tournevis. Tutumie tulicho nacho, lakini kwa akili.

Sasa tunapendekeza nini? Mambo manne.

1. Karburateri iguswe mwisho. Mbele yake tuangalie chujio ya hewa, nafasi ya valvu, buji, platini na wakati wa moto, kisha mabomba na chujio ya esansi. Mara nyingi ugonjwa unaoitwa wa karburateri uko katika umeme. Na esansi yenyewe iangaliwe. Ile ya chupa tunayonunua kwa wakadhafi wa barabarani inaweza kuwa na maji ao petroli ya taa ndani. Tuiweke katika chupa nyeupe, itulie usiku mzima. Maji yatakaa chini, tutayaona.

2. Hakuna kutoboa jikleri tena. Tundu lililotobolewa halirudi. Kama tunataka kubadili, tununue jikleri yenye namba na tubadilishe hatua moja moja. Na hapa tuko na maoni yetu: tupange motokari kwa hewa ya Beni, si kwa hewa ya Butembo. Tofauti ya miji hii miwili, kilometre 54 tu kwa barabara, ni kama asilimia 3 ya esansi. Tukipanga kwa Beni, hapa Butembo itakula zaidi kidogo, ndiyo hasara ndogo ya pesa. Tukipanga kwa Butembo kabisa, halafu motokari ishuke na mzigo mpaka Kasindi, itakosa esansi, itachemka, inaweza kuunguza valvu. Hasara ya pesa kidogo ni bora kuliko hasara ya injini.

3. Ralanti ipangwe injini ikiwa na moto, si ya baridi. Visi ya mchanganyiko ifungwe polepole mpaka iguse, bila nguvu, kisha ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwaka, igeuzwe kidogo kidogo, kulia na kushoto, mpaka pale injini inapozunguka mbio na kwa utulivu. Kisha mbio ipunguzwe kwa visi ya kipepeo, na mchanganyiko usikilizwe tena. Baadaye motokari ipandishwe kilima na mzigo, izimwe palepale, buji moja itolewe. Nyeusi na kavu kama masizi: esansi imezidi. Nyeupe: imepungua. Rangi ya kahawa ya maziwa: inatosha. Buji isisomwe baada ya kukaa ralanti muda mrefu, itatudanganya.

4. Daftari. Hili ndilo kubwa. Tunaomba Bwana Prefe atoe daftari moja ikae ndani ya motokari, imefungwa kwa kamba. Papa Shofere ataandika kilometre, litre za esansi, mahali iliponunuliwa, na kila lalamiko. Kila mtu atakayegusa injini, mwalimu ao mwanafunzi, ataandika tarehe, alichofanya, namba ya jikleri, visi imegeuzwa mara ngapi, na jina lake. Hata kama ameharibu. Hasa kama ameharibu.

Kuna watakaosema kwamba daftari itawaaibisha vijana, na kesho hakuna atakayependa kugusa motokari. Sisi tumeonja aibu zote mbili. Aibu ya kusimama mbele ya mwalimu na kusema tumekosa ilidumu saa moja. Ile ya kubeba kitanda usiku na kunyamaza, huku mwenzetu analia kwa homa na Papa Shofere anajilaumu bure, haijaisha. Kama ingekuwa imeandikwa mahali, "jikleri imetobolewa, 140", mwalimu angeisoma siku ya pili na kuirudisha, na ule usiku motokari ingewaka.

Papa Shofere, tunakuomba msamaha mbele ya wote. Ulikuja kwetu na swali, tukakujibu kwa kekee. Siku nyingine tutakuuliza kwanza: inachoka wapi, ikiwa na gia gani, moshi ni wa rangi gani, chujio ilioshwa lini? Wewe unakaa na motokari ile kila siku, unaijua kuliko sisi.

Na ninyi wa kamati ya wazazi, msiuze bado, wala msinunue karburateri kubwa. Tupeni daftari na miezi mitatu. Mwisho wa miezi hiyo hesabu ya litre itakuwa wazi, na kila mtu ataweza kuisoma. Ikiwa tumesema uongo, uzeni.

Ni sisi, kundi la mekanika.